Imbwa wa Baba na Lile Sanduku

Baraka, kwa Mama Zubeda,
Tarehe 14 Septemba 2023

Mpendwa mudogo wangu Alphonse,

Pokea salamu nyingi za yaya yako, dada yako mukubwa. Habari ya Lubumbashi? Kazi inaendaje, na ule mugongo uliokuwa unakusumbua umepona? Huku tunapumua, tunamushukuru Mungu. Malaria ilinilalisha wiki nzima lakini sasa natembea. Gentille amerudi masomo, anakusalimia, ila anasema mujomba wake amemusahau.

Simu yako haipiti, hii ni wiki ya tatu. Eddy wa kwa mama mukubwa anapanda boti ya Kalemie kesho kutwa, kisha atafika kwako, basi nikasema niandike kama zamani. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue niko naandikia kwenye goti, na mukono mwingine umemushika imbwa.

Ni juu ya yeye nakuandikia. Alphonse, nimeshindwa.

Siku ya matanga ya baba, mwezi wa sita, ulituambia kwa simu: imbwa wa baba musimupe mutu, ni wangu, nitakuja kumuchukua. Nikamutoa kule Mboko kwa baba, nikamuleta hapa mukononi kama mutoto. Ukaniambia tena, wewe unayefundisha imbwa za kulinda kampuni, kwamba nimufanyie sanduku, kwamba imbwa hawezi kuchafua mahali anapolala. Fundi Élie akapigilia mbao, akaacha matundu ya hewa, akaweka na mulango. Nikatandika koti la baba ndani.

Kumbe wa kwako ni imbwa wa kampuni. Huyu Kapita anachafua palepale. Asubuhi naenda soko na samaki wangu wa chumvi, saa saba narudi, nakuta mikojo, mavi, koti limeloa, na yeye mwenyewe amejipaka mupaka masikio. Nikiwa ndani ya nyumba anakaa safi siku nzima. Nikitoka tu, basi. Kila siku ya Mungu nafua lile koti, mupaka mikono imechubuka.

Unamujua kwa simu Mama Zubeda, mwenye lupango hii ninapopanga. Miaka tisa sijasikia neno baya kwake. Lakini yeye ni Mwislamu, na anatawadha hatua nne tu kutoka mulango wangu. Harufu inamufuata mupaka kwenye mukeka wa kusalia. Alivumilia mwezi wa saba, akavumilia wa nane. Wiki iliyopita akaniita kwa upole, akasema: mwisho wa mwezi huu, imbwa aende, ao muende ninyi bote. Simulaumu. Ningekuwa yeye, ningesema mapema zaidi.

Niungame na hili. Siku moja nilimupiga na kandambili. Hakukimbia. Alikuja kulala juu ya miguu yangu, na mi nikakaa chini nikalia kama nimefiwa tena.

Njo Mama Zubeda huyohuyo akanifumbua macho. Akauliza, Florentine, huyu mutoto unamulisha nini asubuhi? Nikajibu, vichwa vya samaki, kwani imbwa wa huku ziwani anakula nini kingine? Akasema: vichwa vya chumvi, kisha anamaliza beseni la maji, kisha unamufungia. Hata sheikh angejikojolea. Nilicheka mupaka nikakohoa. Sasa anakula bugali na ndakala, dagaa zisizo na chumvi, mapema, kisha namutembeza nyuma ya lupango kabla ya kutoka. Mikojo ilipungua siku ileile.

Lakini ile nyingine haikuisha. Nikifunga nyumba, kufuli ikilia tu, anaanza kutetemeka na kujinyea.

Juzi Patrice, jirani wa baba kule Mboko, alipita kununua samaki. Nikamuhadisia. Akasema: hamukujua? Siku ile baba alipobebwa kwa pikipiki kupelekwa hospitali, alifunga nyumba kwa kufuli yeye mwenyewe, na Kapita alikuwa ndani. Hakuna aliyekumbuka. Alikaa siku tatu peke yake, mupaka tulipofungua ili tulaze maiti. Bamama ndio balisafisha sebule mbio mbio kabla ninyi hamujafika, bakanyamaza juu ya heshima ya musiba.

Alphonse, ile kufuli njo sauti ya mwisho aliyoisikia kwa baba. Na mi nilimupiga juu ya hiyo.

Tangu juzi nafanya hivi. Namuweka ndani ya sanduku, nafunga mulango, nahesabu mupaka kumi, narudi. Natoka tena, nafika kwenye kisima, narudi. Mara ishirini kwa siku. Bapita njia banaona mujane wa watu amerukwa na akili. Mama Zubeda hamugusi na hatamugusa, lakini nikitoka anakaa kwenye baraza na tasbihi yake, namusikia anamwambia kwa mbali: anarudi, Kapita, anarudi. Leo alikaa safi muda wa kupika bugali na kuila. Soko linanitaka masaa sita mazima, na siku zimebaki kumi na sita. Sijui kama tutafika.

Kama iko dawa nyingine unaijua, mwambie Eddy akuache unipigie na simu yake. Lakini sikuandika juu ya dawa tu. Wewe ulitoka hapa mwaka wa 2012, ukasema ni miezi mitatu. Baba alikuwa anasikia kila pikipiki ikisimama, anainua kichwa. Sijawahi kukuambia. Nakuambia leo juu nimechoka kufunga na kufungua mulango ili nimufundishe imbwa kwamba mutu akitoka anarudi, wakati mi mwenyewe sina hakika nayo.

Kuja umuchukue. Ao kuja tu.

Nisalimie muke wako Divine na batoto bote. Shangazi Nadia wa Kazimia anakusalimia. Mungu akulinde katika njia ya kwenda, na zaidi katika ile ya kurudi.

Yaya yako akupendaye hata akiwa na hasira,

Florentine