Oili ya Lori

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe tu. Nguo za shule zianue kabla ya jua kuzama. Ufunguo wa gari usiutafute, uko kwa fundi.

Asubuhi limenizimikia katikati ya barabara, injini imekufa kabisa. Nilikupigia simu hukupokea, nikasukumwa na watu nisiowajua. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka na kitu kizito kama asali. Akauliza nani katia oili ya lori kwenye gari dogo. Nikasema mume wangu, alichoshwa na ule mlio wa kugonga.

“Basi aliunyamazisha,” akasema. “Ugonjwa akauacha humo humo.”

Siku ile ulifurahi, ukasema limepona. Nikakuambia bado linatetemeka, ukaongeza sauti ya redio.

~~Nitarudi jioni.~~ Niko kwa dada. Usije kunichukua, na gari lenyewe huna.

Mimi pia nimenyamaza, mwezi mzima sasa. Nilikuwa nangoja uulize.

Mama watoto