Muhula Aliohama Wawira

Jumatatu, 12 Januari

Wawira ametapika chai tena. Nimemfuta, nimembadilisha sweta, basi la akademi, shule yake ya kulipia, likapiga honi getini. Akapanda bila kugeuka. Ana miaka tisa na anapanda basi kama mtu anayepelekwa kudungwa sindano.

Kisha mimi nikashuka kwa miguu hadi shuleni kwangu, ile ya umma ng'ambo ya barabara. Nafundisha Gredi ya Tano. Wanne kwa dawati la wawili. Kutoka mtaani kwetu, kwenye nyumba za mawe na mageti ya umeme, hakuna mtoto anayesoma pale. Wangu pia hasomi pale. Wazazi wa wanafunzi wangu wanajua. Wananisalimia vizuri tu.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeitwa akademi. Mkurugenzi, mama mpole, alinipa chai kwa kikombe chenye kisahani.

"Mwalimu, wewe ni mwenzetu, acha nikwambie ukweli. Wawira hasomi. Wenzake wanamaliza vitabu, yeye bado anatafuta herufi. Pengine mwendo wetu ni mkali kwake."

Anataka nimtoe, ila anataka liwe wazo langu.

Nimerudi na hasira, maana amesema kweli. Jioni nyingi nimeketi na huyu mtoto. Neno "kaka" atalisoma mstari wa kwanza, mstari wa pili halijui. Nimefundisha watoto wa watu kusoma. Wangu amenishinda.

Mume wangu, Njeru, sijamwambia.

Ijumaa, 23 Januari

Siku mbaya. Wawira amerudi na unga mgongoni, sweta yote nyeupe. Nikauliza ameanguka wapi. Hakuanguka. Akademi walikuwa na wageni, wazazi wanaotafutia watoto nafasi, na kila darasa lilikuwa linawasomea. Yeye na mwenzake mmoja wakapelekwa stoo ya jikoni, wakakalishwa katikati ya magunia ya unga.

"Ticha alisema tunyamaze mpaka wageni waende."

"Mlikaa sana?"

"Mpaka chakula. Lakini hatukuongea, Mami. Hata kidogo."

Alisema hivyo kama anayengoja kusifiwa. Nikaingia bafuni nikafungulia maji asinisikie.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya kanisa nimemwambia Njeru yote. Kwanza alitaka kwenda huko akapige mtu. Niliposema namtoa, nampeleka shuleni kwangu, hasira ikanigeukia mimi. Njeru ni wakili, mji mzima unamjua. Alizaliwa kijijini, Manyatta, akasoma shule ya umma bila viatu, na aliapa damu yake haitarudi huko.

"Tutafute akademi nyingine."

"Ipi isiyopokea wageni?"

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya mahakamani: "Mama Wawira, sema ukweli. Kama ungekuwa si mwalimu pale, ungepeleka mtoto asiyejua kusoma kwa shule ile?"

Namchukia kwa swali hilo. Jibu ni hapana.

Jumatatu, 2 Februari

Nimemtoa. Wiki nzima mimi na Njeru tumeongea habari za gesi na mbwa tu, leo nikaamua peke yangu. Mkurugenzi alisema walimficha ili asiaibike mbele ya watu. Nadhani anaamini hivyo. Alitusindikiza hadi getini, akamkumbatia mtoto. Wawira akamwambia asante.

Njeru amehamia chumba cha wageni.

Jumatano, 11 Februari

Gredi ya Nne ya kwetu ina mikondo miwili na mwalimu mmoja. Anafundisha huku, anakimbilia kule. Wawira yuko nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Siku za kwanza wenzake walimwona mtu mkubwa: Kiingereza chake, viatu vyake. Leo ameitwa ubaoni kusoma.

Nilikuwa napita na chaki mkononi. Nilisikia mwenyewe mtoto mmoja akimpigia kelele: "Akademi haijui hata 'baba'!" Darasa zima likacheka. Ningeingia ningewapiga. Nikaenda kwangu nikafundisha hesabu.

Hatapiki tena asubuhi. Haongei pia.

Jumanne, 17 Februari

Baada ya mapumziko hakurudi darasani. Mwalimu wake hakugundua, atagunduaje. Niligundua mimi, wakati wa chakula. Tulitafuta vyooni, kwenye mahindi ya shule, hadi barabarani. Nilimpigia Njeru simu, nikasema tu mtoto haonekani. Akaja akikimbia na suti yake.

Ni yeye aliyemwona. Nyuma ya ofisi kuna chumba cha madawati yaliyovunjika. Wawira alikuwa ameingia, akavuta mlango, akakaa pembeni mikono magotini. Njeru akamwuliza nani amemfungia.

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe. Nimenyamaza, Baba."

Njeru akapiga magoti kwenye vumbi akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekauka.

Ijumaa, 20 Februari

Tumempeleka kwa afisa anayepima watoto wenye shida ya masomo. Mimi na Njeru, wote wawili. Alicheza naye kadi kwa muda mrefu. Akasema akili ya Wawira haina kasoro, ni herufi zinazomchanganya, na zitamchanganya mpaka apate mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Anayemjua yeye yuko Meru, na foleni yake ni ndefu. Tumeandikishwa. Tungoje simu.

Nikamwuliza: shule ya umma au ya kulipia?

"Mama, mimi nikwambie nini? Hawa watoto huletwa hapa kutoka zote mbili."

Kurudi, Njeru ndiye aliyeshika usukani. Aliendesha gari polepole sana.

Jumatatu, 23 Februari

Nimemwomba mkuu wa shule Wawira akae darasani kwangu ingawa si gredi yake. Amekubali, mradi nisiwaibie wengine muda. Basi nitamfundisha masomo yakiisha. Nikatangaza kwamba yeyote ambaye kusoma kunamsumbua anaweza kubaki naye. Nilitegemea wawili, watatu.

Dawati zima la nyuma lilibaki. Na lililo mbele yake. Na wasichana wawili wa karibu na mlango, wanaojibu maswali yangu kila siku kwa kukariri. Hawa nimekuwa nao tangu mwaka jana, nikapanda nao gredi.

Naona aibu kwamba sikugundua.

Alhamisi, 5 Machi

Mawingu yameshuka mlimani. Watoto wamebaki tena, mmoja ameleta mdogo wake.

Njeru alikuja kutuchukua. Akasimama mlangoni, hakuingia. Bado anataka akademi, sasa anataja ya Meru. Bado anaamini namharibia mtoto. Huenda ni kweli. Sina la kumwonyesha.

Jana Wawira alisoma neno "maji", lote, peke yake. Leo limempotea. Alilitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Nimeliandika tena, kubwa zaidi. Njeru akaingia, akavuta dawati, akaketi.