Chumba cha Bunduki cha Baba Anselmi

Jumapili, 20 Novemba 1983

Misa ya kwanza. Majani ya ng'ombe. Kisha mtori wa ndizi. Nilikuwa nachochea moto redio iliposema mpaka na Kenya unafunguliwa. Mwiko ukanidondoka. Nikapiga magoti palepale kwenye majivu, Salamu Maria sijui ngapi.

Karibu miaka saba. Baba Anselmi, mume wangu, yuko Taveta, upande wa Kenya, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Alikwenda kwa mkataba mfupi, mpaka ukafungwa nyuma yake. Na Taveta si Ulaya. Nikisimama juu ya kihamba, shamba letu la migomba, hewa ikiwa safi, naiona tambarare yao. Nimeitazama mpaka shingo ikauma.

Wengine walipita njia za panya, na sabuni za magendo mgongoni. Yeye hakupita. Aliandika kwamba anaogopa kufungwa jela. Siku nyingine namwamini. Siku nyingine simwamini kabisa, Mungu anisamehe.

Jumanne, 22 Novemba

Nimeamua. Namtengenezea chumba chake.

Zamani alikuwa akijazia risasi za shotigani kwenye meza yetu ya chakula. Kibali anacho. Nyani na nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi ya shamba la chini, na risasi mpya hakuna madukani. Basi anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayajaza tena kwa mashine yake ndogo ya mkono. Marisau, vile vidonge vya risasi, yanaviringika mpaka kwenye sahani za watoto. Nikamwambia, Baba Anselmi, chagua: meza au mke. Akacheka mpaka machozi. Akasema, "Basi nijengee chumba."

Nilinuna wiki nzima. Laiti ningejua zilikuwa zimebaki wiki ngapi.

Stoo ya kahawa ina ukuta wa matofali. Kahawa ya mwaka huu imeshatoka. Itafaa.

Ijumaa, 25 Novemba

Barua nimeitia posta. Nimemwambia chumba kinatengenezwa. Sikumwambia kwamba namtamani. Aibu, kwa umri huu. Niliandika tu kuwa yule ndama aliyemwacha amekuwa ng'ombe na ana ndama wake.

Jumatatu, 28 Novemba

Kituo cha polisi. Bunduki yake na baruti viko huko tangu alipoondoka. Ndiyo sheria, asiye na kibali hakai navyo. Afande akauliza mwanamke anataka bunduki ya nini. Nikasema bunduki siitaki, namtaka mwenyewe. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Lakini alinieleza kwa heshima. Nondo dirishani. Kufuli mbili. Sanduku la chuma lililofungwa sakafuni. Jiko lisiwe karibu. Mwenyewe akija, watakagua, ndipo akabidhiwe.

Alhamisi, 1 Desemba

Saruji haipatikani. Nimepata mfuko mmoja, nusu umeganda kama jiwe. Mwanetu Anselmi ametuma nondo na sanduku kutoka karakana anakofanya kazi, Moshi mjini. Mtoto mzuri. Ana mwendo wa baba yake, siku nyingine akiingia uani naumia.

Anayejenga ni shemeji Ludoviki, mdogo wake Baba Anselmi. Kazi kidogo, maneno mengi.

"Shemeji, chumba hiki kimeshinda mahabusu. Unamfungia kaka asitoroke tena?"

"Nikiweza."

Tulicheka wote wawili. Halafu nikaenda mgombani nikalia kidogo.

Jumatatu, 5 Desemba

Chokaa imekauka. Meza yake mpya ni ya mti wa mringaringa, nzito, watu wanne waliibeba. Mashine yake nimeipangusa nikaiweka pembeni mwa meza, upande wa mkono wake wa kulia. Msalaba juu ya mlango. Padre atakibariki akipita.

Kisha nikavuta debe la maganda uvunguni mwa kitanda. Limejaa, linatoa masizi na mavi ya mende. Aliyaokota moja moja, nami alinituma nipite kwenye mabua kuyatafuta. Nikainama nikanusa. Harufu yake ya jioni, akijaza risasi. Nikanusa tena, kama msichana.

Jumatano, 7 Desemba

Nimeharibu.

Juzi usiku niliyaloweka maganda, kama tunavyoloweka kahawa iliyomenywa. Jana nikayasuuza maji matatu nikayaanika kwenye kitanda cha waya cha kahawa. Vichwa viling'aa. Nikafurahi, nikasema ataona nilivyoyatunza. Leo Ludoviki akachukua moja, likamchanikia mkononi. Kumbe kichwa tu ndicho shaba. Mwili ni karatasi! Yamevimba yote, mengine yamefumuka.

"Shemeji, umeyapika?" akasema. "Haya hayaingii tena bundukini. Wape watoto wachezee."

Debe zima. Hakuna hata moja la kuokoa.

Shati lake lilichakaa, nikalifanya tambara. Viatu alivaa Anselmi mpaka vikaisha. Kilichokuwa kimebaki kama alivyokiacha ni debe lile. Na mimi nimelifua.

Sijala.

Jumapili, 11 Desemba

Barua. Anakuja tarehe ishirini. Mistari minne tu. Chumba hakukitaja. Mimi mwenyewe hakuniuliza. Niliisoma kanisani wakati wa mahubiri, dhambi hiyo, nikaisoma tena nyumbani labda kuna neno nililoruka. Hakuna.

Jumanne, 20 Desemba

Amekuja.

Nilimngoja stendi ya Himo tangu asubuhi. Alishuka basini, nikaona mtu mwingine. Ndevu nyeupe. Mwembamba, mabega yamelala. Akasema, "Habari za hapa?" Tukapeana mikono. Mikono! Kulikuwa na watu, ndiyo, lakini.

Ludoviki alileta pombe ya mbege, majirani wakajaa. Yeye alijibu kila aliyemsalimu, akashukuru kwa kila kitu, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Akalala mapema, uso ukutani.

Alhamisi, 22 Desemba

Afande alikuja na kijana mmoja. Wakatikisa nondo, wakajaribu kufuli. Akasema, "Mzee, mama huyu angeweza kujenga benki." Bunduki imerudi, imo sandukuni. Sifa zote nilipewa mimi.

Baba Anselmi alizunguka mle ndani akigusa meza, mashine, ukuta. Akasema, "Umefanya kazi." Akaingia, akafunga mlango. Alitoka kula. Akarudi tena.

Ijumaa, 23 Desemba

Leo vilevile. Nasikia kiti kikisogea. Basi, kiti tu.

Amekuja, na bado namngoja. Nilidhani namjengea sababu ya kurudi, kumbe nimejenga mlango wa kunifungia nje. Nakionea wivu chumba cha matofali. Mwanamke mzima, mama wa kanisa.

Mchana nilimwuliza kama atarudi Taveta. Akasema, "Tutaona." Hayo maganda sijamwambia.

Jumamosi, 24 Desemba

Aliingia jikoni mwenyewe.

"Mama Anselmi, maganda yangu yako wapi?"

Nikaleta debe. Akatoa moja, akalibonyeza, likasambaratika. Akatoa jingine.

"Uliyafua?"

"Niliyafua."

"Kwa sabuni?"

"Sabuni ningeitoa wapi nchi hii? Kwa maji."

Akaanza kucheka. Kile kicheko chake, kinaanzia tumboni. Akashika nguzo, akasema, "Mungu wangu, amefua risasi," akacheka tena, nami nikacheka nikiwa nalia. Halafu nikaona naye analia. Akaketi kwenye gogo la kuni.

Akasema, "Miaka yote nimekaa chumba kimoja, peke yangu. Nimesahau kukaa na mtu. Usiku nikisikia unapumua, nashtuka."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya miaka saba, makali, na yote yakapotea. Nikampa maji. Akanywa. Akabaki pale mpaka kengele ya mkesha, tukaenda pamoja. Njiani alitembea upande wangu, si mbele.

Jumatatu, 26 Desemba

Jana Noeli, watu wengi, nyama, kelele. Leo kimya. Manyunyu. Anselmi amerudi Moshi.

Baba Anselmi yumo chumbani mwake tangu asubuhi. Hana cha kujaza. Anapaka mashine mafuta tu, polepole. Mlango ameuacha wazi, labda kwa sababu ya joto, ingawa leo hakuna joto.

Nilichukua beseni la ndizi nikaenda kuzimenya kizingitini. Akasimama, akaisukuma meza upande, ile meza nzito, peke yake, mpaka pakapatikana nafasi ya kigoda chini ya dirisha penye mwanga. Kisha akaketi akaendelea na mafuta yake.

Nikaingia.

Taveta hakuitaja. Nami sikuitaja. Ndizi zilikuwa nyingi, na sikuzimenya haraka.