Baba, Ndola Sahani Ilikuwa Bei Gani?

Kwako Baba, mpendwa wetu wa zamani,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama alitulea vizuri, si kwa sababu unatudai. Baba mdogo amefika hapa Tegeta na ujumbe wako: kazi ya lori imekwisha, miguu imevimba, kule Ndola, Zambia, umefungiwa mlango, sasa umejibanza kwake Mbagala na unaomba kurudi nyumbani. Akaongeza kuwa unalalamika wali maharage wa pale kituoni umepanda bei. Hapo nikaamini kweli ni wewe.

Maana kutoka safari zako hukutuletea zawadi hata siku moja. Ulituletea bei. Jumapili mchana tulikaa mkekani, mikono tumeshanawa, nawe unaanzia Tunduma, ambako wali wa Mbeya unanukia kabla hujaufikia na bei yake haimuumizi mtu. Kigali unalipia sahani moja, unajaza mlima utakavyo, ila hurudii mara ya pili. Ukatuonyesha kwa mikono jinsi tanboi wako, yule msaidizi wa lorini, alivyojenga mlima wa viazi mpaka ukaporomokea kwa mteja wa meza ya pili. Nairobi ulikula ugali na sukuma wiki huku kuku ukimla kwa macho. Lubumbashi samaki mmoja anatajiwa bei kwa dola, na mwenye hoteli wala hacheki. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Nilikupenda sana siku zile. Nakwambia ili ujue ulichokitupa.

Lakini hadithi zako zilikuwa na mkia. Ukishashiba ulimgeukia Mama: "Mama Zuhura, hela niliyolipia samaki mmoja Lubumbashi, nyie hapa mnakula wiki. Dar chakula bure!" Na ukiondoka, kodi ya meza uliyoiacha ilikuwa imepungua tena. Kila mji uliokuumiza mfukoni, maumivu yake tuliyamalizia sisi. Mama alihama kwenye nyama akaenda kwenye dagaa, kutoka kwenye dagaa akaenda kwenye mchicha, na mchicha wenyewe aliuchuma nyuma ya choo. Ukirudi unakuta kuku ambaye kamwomba kwa jirani, unang'ata paja unasema, "Si niliwaambia? Hapa maisha rahisi." Mama alikuongezea mchuzi. Aliona aibu kwa niaba yako, kwa kuwa wewe aibu huna.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nilikuwa darasa la sita, najua miji yako yote kama ninavyojua sala. Lori lako lilikuwa limekaa Ndola karibu mwezi mzima, ulisema mzigo umekwama. Nami nikauliza, kwa njaa ya hadithi tu:

"Baba, na Ndola sahani bei gani?"

Uliacha kutafuna. "Ndola? Ndola sijui. Kule sinunuagi."

Mama alikuwa anakupakulia mchuzi. Upawa ukabaki juu.

"Hununui? Sasa unakulaga wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Mama Zuhura, washikaji. Ishu ndogo hiyo."

Mama akaurudisha mchuzi sufuriani, polepole, bila kumwaga hata tone. "Mwanaume anakula bila kulipa kwa wanawake wawili tu," akasema. "Mama yake na mke wake. Na mama yako yuko Lindi."

Ulimaliza wali mkavu. Ulikuja mara moja tena, ukachukua koti na redio. Baada ya hapo zikawa hela za kwenye simu, kisha salamu za kwenye simu, kisha simu ikawa haipatikani. Hata talaka hukumpa, labda uliona nayo ni gharama.

Usidhani tulikufa. Mama alianza kuwapikia mchana mafundi wanaojenga nyumba mpya za huku, na kwa wali ule tumesoma. Mimi sasa nafanya kazi mjini. Juzi bosi katupeleka kula Masaki, kwa bei ya sahani moja Mama angelisha mafundi wa ghorofa zima, na kuku mwenyewe kama alikufa kwa kwashakoo. Nilicheka peke yangu. Kabla sijameza nikajikuta natamani kukuhadithia. Nilichukia, Baba. Nilikuchukia wewe, nikajichukia na mimi, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye angecheka pale nilipocheka.

Kwa hiyo ujumbe wako ulipofika, jibu langu lilikuwa tayari, na lilikuwa na matusi. Nilitaka nikwambie ubaki hukohuko Mbagala ule kwa bei ya kituoni mpaka ufe. Nikampelekea Mama habari nikitegemea ataniongezea maneno. Alikuwa anachambua mchele.

"Anataka kuja lini?" akauliza.

"Jumapili, ukimkubalia."

"Mwambie aje."

"Mama! Baada ya yote yale?"

Aliweka ungo chini, akaenda sebuleni, akafungua kabati la vioo. Akatoa vile vyombo vya kulia vya maua ambavyo sisi hatuvigusi hata Idi, anavyotoa akija mgeni kama shehe au wakwe. Akavisuuza kimoja kimoja, akavifuta kwa upande wa kanga yake. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, hauna hasira hata kidogo, na hapo nikaona matusi yangu yote yalikuwa mchezo wa kitoto.

"Saa saba mchana," akasema. "Na muulize kama anakula pilipili. Mie sijui."

Basi nakuuliza, Baba, naomba jibu kabla ya Jumapili ili mpishi ajiandae: unakula pilipili?

Ni mimi Zuhura,
mwanao wa kwanza, kwa upande wa Tegeta.