Mifuko Yote Ina Kitambaa Kimoja

Mwanangu Anna,

Hujambo huko Morogoro, na mjukuu wangu Beni hajambo? Mimi mzima, ila hasira zimeushinda uchovu. Hija hii ya kanisa tunakwenda kwa miguu siku nne, mizigo inatangulia na pikapu hadi tunapolala. Sasa akina mama wote wa hapa Johannesburg wana ile mifuko ya miraba, shangazi kaja, kama wangu. Nikachana upande mmoja wa doti ya khanga uliyonipa, usinikasirikie, nikafunga kitambaa mfukoni niutambue. Wenzangu wakasema, "Mama, umefikiri!" Nami na huruma zangu nikawagawia wote vipande!

Leo tumefika Diepsloot, baridi inakata masikio, nafungua mfuko nakuta Biblia ya Kizulu na kiatu cha kuingia miguu yangu yote miwili. Dereva, Mkongo, ananicheka: "Eish, Mama, mifuko yote iko na kitambaa moja, nitajua yako namna gani?" Kumbe sweta langu limerudi Alexandra, tulikoanzia safari, na mama mmoja aliyevimba miguu akaishia njiani.

Najua unawaza kiatu cha Beni, ninachokipeleka kikaombewe mtoto apate kusimama. Tulia, mwanangu. Waliniambia nikitangulize na mizigo, nikakataa katakata. Kimefungwa pindoni, kwenye upande wa khanga uliobaki. Kiatu kinachoombewa kutembea hakipandi gari.

Mbusu Beni miguu yote miwili.

Mama yako