Saa Walizongoja Akina Mama wa Kampemba

Mjukuu wangu wa Sakania,

Jambo hili sijamwambia mtu: kazi ya utafiti haikuisha, nilifukuzwa. Hapa nyumbani sote ni wazima. Wewe unaniita Nkambo, yaani bibi, kwa kuwa nabeba jina la marehemu bibi yako, ingawa nimemaliza shule juzi tu, na uliuliza kwa nini sifanyi kazi tena.

Watafiti wa Zambia na wa kwetu walikuwa wanalinganisha muda ambao wagonjwa wanangoja, na mimi nilikuwa naandika majibu yao. Katika kituo cha afya cha Kampemba, msimamizi wetu alihesabu tangu fiche, ile kadi ya mgonjwa, inapofunguliwa. Mama mmoja mjamzito akaniambia, "Niko hapa tangu saa kumi na mbili, fiche wameifungua saa tano. Fiche njo iko mugonjwa, ao ni miye?"

Nikaandika saa kumi na mbili.

"Futa, mutoto," msimamizi akasema. "Tutaonekana babaya mbele ya Bazambia."

"Hapana, chef. Njo saa alifika." Nikawauliza na wengine wote waliokuwa kwenye benchi, nikaandika vilevile, kwa kalamu ya bic isiyofutika.

Mama anadhani kazi iliisha. Tafadhali usimwambie. Akijua atanipeleka kuomba msamaha, na mimi sitaomba.