Jina Langu Chini ya Habari ya Nduku

Jumatano, 2 Machi 2016. Jeddah

Baraka amenilisha ugali sasa hivi, kwa simu ya video. Amemega tonge, akalibandika kwenye simu ya nyanyake, pale anapouona mdomo wangu. Sikuona tena kitu. Nikajifanya natafuna. Akacheka mpaka akakohoa. Mwanangu.

Madam amelala. Kanzu za mumewe bado sijazipiga pasi.

Baadaye. Nduku ametuma sauti kutoka Riyadh. Tulisoma darasa moja, tukaletwa huku kwenye kazi za ndani na ajenti mmoja. Yeye alipelekwa mtaa wa Al-Naseem, mimi hapa Al-Rawdah. Ananong'ona. Madam wake amemmwagia chai ya moto kifuani. Hospitali hapelekwi. Mlango unafungwa kwa nje. "Mghoi, nitafia humu. Usininyamazie." Nimempigia. Simu imezimwa.

Ijumaa, 4 Machi

Nduku bado hapatikani. Nimempigia Mwakio, mhariri wetu pale Voi. Gazeti ni letu kweli. Tajiri alipolitupa, sisi wafanyakazi tukalichukua, na linatoka kila Ijumaa. Mimi nilikuwa nafunga mabunda, lakini kura yangu ni sawa na ya Mwakio, hata nikiwa huku. Nimemchezea sauti ya Nduku. Akaniomba niirudie. Ukurasa wa nyuma wote ni tangazo la ajenti huyo huyo. Ndilo linalotununulia karatasi.

Jumapili, 6 Machi

Wamepiga kura. Tangazo liondolewe, habari iingie. Nimejivunia watu wangu.

Halafu Mwakio akasema, "Dada, sheria unaijua." Naijua. Mkono niliinua siku tulipoitunga. Kila habari iwe na jina la mwenzetu aliyeileta. Tulichoka na watu kuchafuana wakiwa wamejificha. Sasa aliyeileta ni mimi.

Mama hataki. "Hao wenzako wako kwao. Wewe uko mikononi mwa mtu. Una mtoto." Nimemkasirikia. Anasema kweli.

Jumanne, 8 Machi

Nilikuwa nakwangua sufuria ya wali, nikamsikia Nduku kabisa, kama yuko jikoni. Nikamtumia Mwakio neno moja. Weka.

Naogopa.

Ijumaa, 11 Machi

Limetoka. Ajenti akatuma vijana wa bodaboda, wakanunua nakala zote mjini kabla watu hawajanywa chai. Mwakio anacheka. "Hatujawahi kuuza hivi. Jamaa ametulipia karatasi ya kuchapa tena." Wakachapa tena. Mama yake Nduku alisomewa pale sokoni. Akaketi chini, palepale kwenye nyanya za watu.

Jumapili, 13 Machi

Ajenti amenipigia. Upole mtupu. "Mwandishi, salama? Riyadh umeiandika vizuri, na hujawahi kufika. Tutakupeleka uione." Nikakata simu. Nikavunja finjani ya madam.

Jumatano, 16 Machi

Nduku ametoka. Habari iliwafikia watu wa ubalozi wetu, wakaenda pale na polisi. Yuko hospitali, anakunywa supu. Amenitumia sauti, kilio tu. Nimelia naye chooni. Sijawahi kufurahi hivi tangu nije.

Mchana madam akaingia, ameshika simu yake. "Halas. Mafi kazi." Basi, kazi hakuna. Akaichukua yangu. Ajenti amewaambia, nao hawataki mtu wa kuwaandika. Nilimwambia wao sikuwaandika, hawajanikosea. Alikuwa ameshaondoka mlangoni.

Jumamosi, 19 Machi

Ofisi inayoshirikiana na ajenti, hapa Jeddah. Magodoro chini, wanawake tele. Dada mmoja wa Unguja akanishika bega. "Usihofu shoga, watakurudisha kwenu." Nilimwamini. Nikaanza kuwaza Baraka atanikimbilia au atajificha nyuma ya nyanyake.

Kisha mwanaume wa ofisi akaniita. Kuna familia Riyadh imeondokewa na mfanyakazi, inadai mwingine. Al-Naseem. Nikauliza familia gani.

"Unaijua wewe. Yalla, chukua begi."

Jumatatu, 21 Machi. Riyadh

Nimepewa chumba cha Nduku, kando ya mashine ya kufulia. Kitana chake kiko chini ya godoro, nywele bado zimo. Nimekiacha palepale.

Madam hajanigusa. Ananitazama tu. Wananiita Nduku. Nilisema Mghoi, akaangalia pembeni.

Mlango unafungwa kwa nje, kama alivyosema. Simu sina. Lakini Nduku anaijua nyumba hii, na yuko nje. Mwakio asiponisikia atamuuliza. Watauliza, nawajua. Naamini hivyo. Nikiacha kuamini nitalala chini nisiinuke.

Nimepiga deki. Nimeanika nguo. Jua la hapa ni kali kuliko la Jeddah.

Madam anaita. Acha niandike hili kwanza. Wakati huu ndipo Baraka anapoamka. Anaamka na hasira, hataki kushikwa, mpaka umpulizie shingoni polepole, nyuma ya sikio, ndipo anageuka na kukukumbati…